Pikipiki Iliyozaa Oili

Aristides aliuza vyombo vya plastiki Kariakoo, upande ule unaopakana na Mchafukoge, na hakuna alichokichukia kama kupewa ushauri. Kutoa alitoa bure, hata kwa asiyeomba. Majirani walimwita Mangi, naye akalipokea jina hilo kama cheo.

Asubuhi moja alichomoa kijiti cha kupimia oili kwenye pikipiki yake kuukuu, ya kabureta, akakuta oili imepita alama ya juu. Hakumbuki kuongeza. Akafuta kijiti, akapima tena. Imepita kweli. Siku zilivyosonga, ikazidi kupanda.

"Dada Sitara," alimwita jirani yake muuza khanga, "umewahi kuona injini inayojiongezea oili yenyewe?"

"Sijawahi, Mangi. Na leo nina wateja."

"Ni matunzo tu. Chombo kinamjua mwenyewe."

Jumamosi akalitolea jambo hilo ushuhuda kwenye jumuiya ya kanisa. Wenzake wanahangaika kununua oili, yeye yake inaongezeka akiwa amelala! Binamu yake Godbless, muuza mabegi, aliguswa hadi akaomba kukipiga picha kile kijiti. Picha ikazunguka kwenye magrupu ya simu, na chini yake watu wakaandika Amina, wakiwemo wasiokuwa hata na baiskeli.

Doa lilikuwa moja tu: petroli. Kila alipoegesha pikipiki jioni kwenye ua wa jengo, asubuhi alikuta tenki limepungua. Hapo Aristides hakuona muujiza. Aliona mwizi, tena wa karibu: Mzee Seifu, mlinzi wa jengo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mangi."

"Mafuta yangu unayanywea chai?"

Mzee Seifu aliweka chini kikombe alichokuwa ameshika. "Mwanangu, harufu yake tu inaniumiza kichwa. Jengo hili nimelilinda tangu wewe hujaja mjini."

"Wezi wote wanaanza hivyo hivyo," alisema Aristides, akaenda kumshtaki kwa mwenye jengo. Mzee akaambiwa akae kwanza nyumbani kupisha uchunguzi. Uchunguzi wenyewe akakabidhiwa Aristides, pamoja na ufunguo wa geti, kwa kuwa alionekana kuwa na uchungu zaidi.

Siku hiyo hiyo roho ya ukarimu ikamshukia. Mlango wa chuma wa duka la Sitara ulikuwa unalia kila ukikunjwa, hivyo akatoa oili iliyozidi kwenye injini, akaijaza kwenye chupa ya maji na kumpelekea. Sitara alifungua kifuniko, akarudisha kichwa nyuma.

"Mangi, hii petroli."

"Ni oili. Imelainika kwa ubora."

"Nyepesi kama chai ya rangi, halafu inanuka kama kituo cha mafuta! Pua ninayo." Akaifunga chupa na kumrudishia. "Yaani petroli inapungua juu, oili inaongezeka chini, na katikati umemweka mzee wa watu?"

Aristides alicheka kwa sauti, lakini masikio yalimwaka moto.

Kesho yake alifungua geti kwa mkono wake mwenyewe. Mzee Seifu yuko kwake Buguruni. Tenki limepungua. Oili imepanda. Akaangaza uani kutafuta mwizi mwingine, akamwona paka, na hata yeye, pamoja na yote, aliona haya kumtuhumu paka.

Jioni akaifunga koki ya petroli chini ya tenki. Tangu ainunue pikipiki hakuwahi kuigusa. Ilikuwa imekaza hadi akaizungusha kwa koleo. Asubuhi petroli ilikuwa pale pale alipoiacha, na oili vilevile. Akakileta kijiti puani, kikanuka petroli. Mungu wangu, Sitara!

Hakuthubutu kuiwasha. Aliisukuma hadi mtaa wa mafundi wa Gerezani, jasho likimtoka, kila anayemfahamu akimuuliza imekuwaje na yeye akijibu kwamba anafanya mazoezi. Fundi akafungua kabureta, akatoa kijisindano kilicholika ncha.

"Hiki ndicho kinachozuia petroli bakuli la kabureta likijaa," alisema. "Chako hakizuii tena. Ukiacha koki wazi petroli inafurika, inaingia kwenye silinda, inapenya pembeni ya pistoni mpaka kwenye oili. Oili nyepesi namna hii hailindi chuma. Ungeendelea kidogo, injini ingejifia."

Fundi aliweka sindano mpya, akamwaga oili yote na kutia nyingine. Aristides alipopima, oili ilikaa katikati ya alama, kama oili ya mtu yeyote tu. Alijisikia kama aliyevuliwa madaraka.

Akaenda moja kwa moja Buguruni.

"Mzee, nimekukosea. Mwizi alikuwa kabureta."

"Na yeye umemsimamisha kazi?"

Mzee Seifu hakutaka maneno mengi. Alitaka jambo moja: yasemwe kwa mwenye jengo, kwa sauti ile ile iliyomshtaki. Yakasemwa, wafanyabiashara wote wakiwa wametoa vichwa madirishani. Mzee akarudi lindoni. Salamu ya Mangi aliendelea kuiitikia, ila pa kukaa hakumkaribisha tena.

Kabla ya wiki kuisha Godbless akaingia dukani mbio.

"Kaka, nasikia umeipeleka kwa fundi! Kwa nini lakini? Na ile sindano ya zamani iko wapi?"

"Ya nini?"

"Nipe niiweke kwenye pikipiki yangu."

Aristides akamkalisha kwenye ndoo, akamweleza taratibu, kutoka tenki hadi kwenye oili: hapakuwa na muujiza, palikuwa na ubovu, na ubovu huo nusura umfukuzishe kazi mtu asiye na hatia. Godbless alisikiliza hadi mwisho, kisha akainuka.

"Sawa, kaka," alisema kwa uchungu. "Mkishabarikiwa nyie, hamtaki wengine wapate."

Akaondoka bila kuaga, na jumuiya iliyofuata hakukaa naye benchi moja.