Pengo la Bareti

Nililaza bareti juu ya karatasi ya daftari nikaizungushia penseli polepole, kama tunavyochora unyayo wa mtoto tunapomwagiza mtu viatu Bujumbura. Ni kijibao chembamba cha kijani, na ndicho kumbukumbu ya kompyuta. Upande wenye meno ya dhahabu una pengo moja. Fundi Jean-Berchmans alinieleza kwamba bareti mpya ikiwa na pengo mahali pengine, haiingii. Chini ya mchoro nikanakili maandishi yake, herufi kwa herufi, hata yale nisiyojua maana yake.

Kompyuta ilikuwa yangu. Niliipata kwa misimu miwili ya kuanika ndagala, dagaa wetu wa ziwani, hapa Makobola, nikataka kuiweka barazani niwachapie watu barua. Lakini kumbukumbu yake ilikuwa ndogo. Ukifungua barua moja, unaweza kwenda ziwani kuchota maji ukarudi, bado inafikiri.

Kaka yangu Tariki alikuwa anavuka mpaka kwenda Bujumbura, aninunulie bareti kubwa zaidi. Nikampa karatasi.

"Muonyeshe muuzaji, alinganishe pengo."

Akacheka. "Chadia, minye niko na diplome. Niingie dukani na mchoro kama mtoto wa chekechea?"

"Ingia nao hivyo hivyo, kaka."

Akaukunja, akautia mfukoni. Mimi niliishia la sita, mwaka ule ule yeye alipoingia sekondari. Tangu hapo nimezoea kuomba kwa sauti ndogo.

Alasiri alirudi na bareti inayong'aa. "Giga nane. Ya kisasa."

Pengo lake lilikuwa karibu na katikati. Letu liko pembeni.

"Kaka, hii siyo."

"Weye unajua nini? Iko ngumu kwa sababu iko mpya."

Akaisukuma kwa vidole gumba viwili. Kitu kikalia ndani, kidogo tu, kama kichwa cha ndagala mkavu kikivunjwa. Kisha akawasha, na chumba kikanuka kuungua.

Tulipompelekea, fundi hakuchukua muda mrefu. "Hii haitawaka tena," alisema. Tariki akavuta leso ajipanguse jasho, karatasi ikadondoka, mikunjo yake bado mikali. Jean-Berchmans akaifungua, akailaza bareti ya zamani juu yake. Ikajaa ndani ya mstari pande zote.

"Nani alichora hii?"

Nilimtazama kaka. Nilimpa muda.

"Minye," alisema.

"Uliichora, halafu ukanunua ile?"

Tariki akakunja leso. Mimi nikachukua karatasi yangu, tukatoka.

Juma lililofuata alikuwa anavuka tena. Jirani yetu Eliane akaja na bintiye, anataka viatu. Sikuwa na karatasi nyingine. Nikaigeuza ile ile, nikamsimamisha mtoto juu yake, nikazungusha penseli kisigino hadi kidole gumba. Tariki akaipokea bila kucheka, akaiweka ndani ya pasipoti yake isikunjike.

"Ataionyesha kweli dukani?" Eliane aliuliza Tariki alipoondoka.

"Ya mguu ataionyesha," nikasema.