Picha Itapasuka

Nalala alasiri, kichwa mezani, kalamu ya kuchorea bado mkononi. Kwenye skrini yuko marehemu dada yangu Tunu, niliyemchorea binti yake Nasra, anayetaka picha ya mama yake iwe kubwa kama ukuta wa chumba chake. Fundi wa kuchapa mabango ameniambia, dada, ukiikuza hii itapasuka, nami nimeitikia kwa kichwa kama niliyeelewa, maana naona haya kuuliza. Chuoni nilisomea kuchora. Ya ndani ya programu niliwaachia wenyewe. Na meza inakuwa barabara, barabara imesakafiwa vijiraba, miraba midogo ya rangi, haina mwisho, na mbele yangu anatembea mwanamke asiye na uso. Nikimsogelea, anamegeka kuwa vijiraba. Nikibaki nyuma, anaanza kufanana na mtu. Kitendawili, anasema, na sauti ni ya Tunu. Tega, nasema. Ukinifuata napotea, ukirudi nyuma naja. Kivuli, nasema. Anacheka kile kicheko chake cha puani. Umekosa, nipe mji. Nampa Pangani, na Pangani inakuja, mara mbili, kama iliyotazamana na kioo, nyumba zimevutwa mpaka madirisha yamekuwa mapana kama viwanja, na ndani ya kila dirisha hamna kitu, rangi moja tu. Ni picha, mdogo wangu, anasema. Ina vijiraba ulivyoipa siku ya kwanza. Ukiivuta haizai vingine, inavinenepesha vilevile. Ndiyo kupasuka huko. Nauliza, kwa hiyo lazima nijue mashine inavyofanya kazi? Mimi nilijua kuunda sufuria? anajibu. Lakini nilijua yangu haiingii kilo tano za mchele. Nalia, namwambia nimeiharibu picha yake, Nasra atamsahau. Usilie, mwoga wangu, anasema, ungemuuliza tu yule fundi, asingekung'ata. Anza upya, kwenye turubai kubwa ya kuchorea. Na kipaku changu chini ya jicho umekisahau, au ulitaka mashine ikijulie wapi? Nakimbia kinyumenyume, mbali, mbali zaidi, mpaka vijiraba vinakutana na uso wake unakuja mzima, ananitazama.

Nainua kichwa. Jua bado liko dirishani. Kwenye skrini turubai mpya iko wazi, kubwa kama ukuta, nyeupe yote, isipokuwa kipaku kimoja cheusi, mahali pake hasa, chini ya pale jicho litakapokuwa. Sikumbuki kukichora. Nakikuza, nakikuza tena, nikingoja kipasuke. Hakipasuki.