Mche wa 10,001

Kabla Deo hajahamia shule yetu ya Kitomanga, mke wangu Monika alikuwa akiniletea mimi namba. Wote wawili tunafundisha hesabu, na tangu uchumba wetu hizo ndizo zilikuwa zawadi zake: namba kubwa, ngumu, anaiandika na kusema, "Haya, ipasue." Sasa kaja kijana na shahada yake na meno yake meupe, na Monika anacheka ofisini kicheko ambacho nyumbani nilikuwa nimeshakisahau. Iliniuma, tena sana.

Wiki ile wanafunzi walimaliza kujaza viriba, vile vifuko vya udongo, na kuipanda humo miche ya mikorosho. Vikahesabiwa: 10,001. Kitalu hupangwa mstatili, safu zote sawa, ili mtu azidishe urefu kwa upana badala ya kuhesabu kiriba kimoja kimoja. Monika akauliza mbele ya walimu, "Vitakaa mstatili mmoja bila kubaki hata kimoja, au hiyo ni namba tasa?"

Deo akafungua kinywa. Nikamwahi. "Niachieni mimi."

Kama ina vigawo, kimoja lazima kipatikane chini ya mia moja. Nikaanza kuigawa kwa namba tasa, moja baada ya nyingine: tatu, saba, kumi na moja. Ikagoma. Nimefika sabini na moja, nikainua macho: Monika anamkabidhi Deo kikombe cha chai, kamwinamia sikioni, ananong'ona. Nikatupa kalamu.

"Namba tasa," nikasema. "Haigawanyiki. Pangeni mia kwa mia." Kiriba kilichobaki nikamkabidhi Deo. "Mabaki ni yako. Kapande kwako."

Deo akamtazama Monika. Monika akainamisha kichwa.

Jioni nikamkuta mke wangu anakuna nazi. "Ulikuwa unamnong'oneza nini yule?"

"Nilimwambia asiseme jibu. Yeye analijua tangu chuoni. Namba ile nilikuletea wewe, Baba Stefania."

"Jibu gani?"

"Sabini na tatu mara mia moja thelathini na saba. Wewe uliishia wapi?"

Baada ya sabini na moja, namba tasa inayofuata ni sabini na tatu.

Asubuhi nikaenda kwa Deo.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Ule mche nauhitaji, kitalu kipangwe upya."

Akanionyesha kando ya mlango wake. Alikwisha kuupanda, na kuuzungushia miiba mbuzi wasiule. "Si ulisema nipande?"

Hasira hasara. Kitalu kimebaki mia kwa mia, mpango ambao hata mtoto wa darasa la nne angeuweza, na Monika hajaniletea namba nyingine. Kila nikipita kwa Deo naukuta ule mche umemwagiliwa maji. Nainama, nagusa udongo, najiuliza ni mkono wa nani.