Tundu la Saa Nne

Mwavita alikuwa na macho mawili na mdomo mmoja, na mtaa mzima wa Rugenge, pale Uvira, ulijua ni kipi kilichofanya kazi zaidi. Macho yalimpa chakula. Miaka tisa alikaa katika kiwanda kidogo cha juisi ya maracuja, yaani pasheni, pale Mulongwe, mbele ya taa ndefu nyeupe, chupa zikipita naye akizipembua: hii imejaa, hii haijajaa, hii ina kitu ndani. Mdomo ulikuwa wa nyumbani. Tangu Bukavu iangukie mikononi mwa waasi, nyumba yake ilifurika hadi mlangoni, shemeji wa Kamanyola, mashangazi wawili wa Sange, na watoto ambao hata mama zao walichanganya majina. Nyumba iliyojaa hivyo hailishwi bugali peke yake. Inataka na habari.

Habari ya wiki ile ilikuwa jicho la Térence.

Térence alikuwa fundi, mtoto wa wakulima wa bonde la Ruzizi, mpole, Kiswahili chake kimejaa Kirundi. Patron, mwenye kiwanda, alimleta mwanzoni mwa mwaka pamoja na jicho lenyewe, kamera ndogo kama pakiti ya majani ya chai. Mwavita alijua kazi yake imekwisha. Kumbe kijana alimwita.

"Mama Mwavita, minye najua mashine, chupa sizijui. Unichagulie nzuri makumi ine, na mbaya zote unazozichukia."

Akamchagulia. Térence akaipitishia kamera moja moja, kama mtu anayemtambulisha mgeni kwa ukoo.

"Sasa iko inajua juisi?" Mwavita aliuliza.

"Haijui juisi, Mama. Haijui hata chupa. Iko inajua nyeusi na nyeupe, basi." Akamwonyesha. Chupa inakata kamwanga kekundu, kamera inaambiwa: piga! Nyuma ya chupa kuna taa. Juisi inaziba ile taa, inaonekana nyeusi. Shingo tupu inaonekana nyeupe. Mashine inahesabu vidoti vyeusi. Vikitosha, pita. Vikipungua, pfff, upepo unaisukuma chupa ndani ya sanduku jekundu. "Watu wanasifu kamera. Kazi yote ni ya mwangaza."

Mwavita akahamia kwenye sanduku jekundu, kuzitazama tena zilizokataliwa, na maisha yakaenda.

Halafu ikaja ile Jumapili ambayo wanajeshi waliokimbia waasi walipita mjini, na nyuma yao vijana wa mtaa wenye bunduki wakapiga risasi juu mchana kutwa, kwa furaha au kwa woga, hakuna aliyewauliza. Patron Abdoul-Karim alikuwa tayari Bujumbura. Jumatatu kiwanda kilifunguliwa, kwa sababu maracuja hayajui vita, yanaoza tu.

Saa nne mashine ikashikwa na wazimu. Chupa zilizojaa, pfff. Nyingine, pfff. Baada ya nusu saa ikapona yenyewe. Jumanne, saa ileile, wazimu uleule. Térence alifuta kioo, akakaza skrubu, akafungua hiki na kile, jasho likimtoka.

Mwavita, mikono imejaa chupa nzima alizokuwa anazirudisha, akawaambia wasichana wenzake, "Saa nne jicho linachoka na chupa. Linatupiga picha sisi, linazipeleka kwa waasi wenyewe ng'ambo ile!"

Walicheka hadi wakashikana mabega. Neno tamu halimezwi. Alilipeleka nyumbani, akaliongeza chumvi, na Bella, jirani muuza mandazi, akalibeba pamoja na karai lake. Wiki ile Uvira, mtu wa bonde la Ruzizi, waasi walikokuwa wanashukia, na neno "picha" havikufaa kukaa katika sentensi moja.

Alhamisi, saa nne imegonga, vijana watano wa wale wa Jumapili waliingia na bunduki. Mkubwa wao aliitwa Sévère, na alimjua Mwavita, maana alikulia mtaa wa pili. Walikuwa wameshamshika Térence kola.

"Jicho ni lipi?"

Térence akaonyesha. Palepale, mbele yao, mashine ikaanza: pfff, pfff. Kijana mmoja akaruka nyuma na kuikoki bunduki.

"Umeona? Saa yenyewe ya kutuma!"

"Shefu, sijui sababu," Térence alisema. "Nimetafuta siku nne."

Hilo lilikuwa jibu baya kuliko yote. Wakaanza kumvuta kuelekea mlangoni. Mwavita aliangalia chupa, kwa kuwa ndicho kitu alichojua kukiangalia, na katika chupa iliyosimama mbele ya kamera akaona doa la jua, dogo, kali, limekaa juu ya juisi kama kikovu. Akafuata mwali juu, juu, hadi kwenye tundu la bati.

"Sévère, mwanangu, ngoja kidogo."

Alichukua kipande cha katoni, akakishika hewani kati ya bati na chupa. Chupa ikapita. Iliyofuata ikapita. Akakiondoa: pfff.

"Jua linapiga juisi usoni," alisema. "Pale penye nyeusi panang'aa, panakuwa nyeupe, nayo mashine inadhani chupa haijajaa. Ni jinga. Saa nne jua linafika hapo, saa nne na nusu linahama."

Térence alifumba macho. "Niliangalia mashine tu," alisema taratibu. "Sikuangalia juu."

Sévère akampokonya Mwavita katoni, akajaribu mwenyewe. Weka, ondoa, weka, ondoa, hadi vijana wake wakasogea kutazama. Kisha akainua uso.

"Na tundu limetoka wapi?"

Kiwanda kizima kilijua. Matundu ya Jumapili yalikuwa sita.

"Mvua ya mawe, shefu," Mwavita alisema.

Sévère aliangalia bati, akaangalia bunduki yake, mdomo ukaanza kumtetemeka, akacheka, na wote wakaruhusiwa kucheka. Kola ya Térence ikaachiliwa. Lakini kicheko kilipoisha, jamaa hakuondoka.

"Basi nani alituletea huo uongo? Tungeua mutu leo."

"Ni Bella wa mandazi," kijana mmoja alisema. "Alimwambia dada yangu."

"Mumulete."

Mwavita angeweza kunyamaza. Bella mwenyewe angetaja alikolisikia neno lile, au asingetaja. Kwa kofi la kwanza nani anakumbuka vizuri?

"Mumuache Bella," alisema. "Ni minye. Nilitania."

"Weye?" Sévère alimtupia katoni yake. "Basi utatembea naye huyu. Kila mahali ulipoangusha hilo neno, uliokote."

Wakatembea, mama na fundi, jua la mchana utosini. Bella alisikiliza akigeuza mandazi. "Ah, kumbe? Minye nilisikia hata sauti inarekodi." Nyumba ya pili waliambiwa kamera inaona ndani ya nguo. Mwavita alieleza mwanga, vidoti, nyeusi na nyeupe, na watu wakaanza kupiga miayo. Kwa hiyo, mlango wa tatu, alianzia kwenye mvua ya mawe. Walicheka, wakamwita jirani aje asikie naye. Térence hakucheka.

"Mashine nikiifundisha vibaya, nafuta, naanza upya," alisema walipotoka. "Hapa unafutia wapi, Mama?"

Mwavita alishaanza kutafuta mlango wa nne.

Kwenye barabara kubwa lori la kutoka Makobola lilikuwa linashusha watu na magodoro. Mwanaume mmoja, ambaye Mwavita alikuwa hajawahi kumwona maishani, aliweka furushi chini na kumnyooshea Térence kidole.

"Si ndiye yule wa kamera?"

Neno lake lilikuwa limefika Makobola. Siku tatu tu. Mwavita alihisi Térence amesogea, amesimama nyuma ya bega lake.

"Kaka," alimwambia yule mtu, akakaa juu ya furushi lake bila kukaribishwa, "njoo hapa nikueleze. Na hao wenzako uwaite."