Bwana Umande Ahamia Hemani

Palikuwa na mtangazaji wa redio aliyejaliwa sauti ya kumtoa nyoka pangoni. Kila alfajiri, watu wakiwa bado wanatafuta kandambili chini ya vitanda, yeye aliwaambia kwamba kitanda ni jeneza la kujitakia, kuta ni gereza, na binadamu aliumbwa alale chini ajifunike anga. Nyasi mbichi alizisifu kama mtu anayesifu mchumba. Wasikilizaji wakampa jina la Bwana Umande, naye akalipokea kama cheo.

Umande wenyewe aliuona kupitia kioo cha gari la ofisi lililokuja kumchukua. Alilala kwenye godoro nene, kavaa soksi, dirisha limekomewa, maana upepo ukimgusa kisogo tu alishinda akipiga chafya. Nyumba yake ilijaa watu: alikuwepo shangazi aliyemlea, walikuwepo wadogo zake na wake zao, na ilikuwepo televisheni iliyopayuka kutwa hata kama sebuleni hapana mtu. Mkewe alikuwa karani wa mahakama. Mchana aliandika ugomvi wa watu, jioni akarudi kuamua wa nyumbani: nani kamaliza maji ya moto, nani kahamisha kiti cha nani.

Siku moja mkurugenzi wa kituo akamwita. Kituo kingine kilikuwa kimeanzisha kipindi cha vichekesho saa ileile, na wasikilizaji walikuwa wanahama kimyakimya kama wapangaji wanaomkwepa mwenye nyumba.

"Tumeamua uyaishi unayoyasema," mkurugenzi alisema. "Msimu wote wa baridi. Utapiga hema kule kilimani kwenye mnara wetu, na utatangazia hukohuko."

"Mzee, mgongo wangu..."

"Si ulisema hewani kwamba mgongo ulipona ulipoanza kulala chini?"

Bwana Umande akakuna kisogo. Ni kweli alikuwa amelisema hilo. Mdomo ulikuwa umemponza mgongo.

"Tafuta hema zuri," mkurugenzi akamalizia. "Zuri, rahisi, na lenye rangi za kituo."

Mkewe alipopata habari aliacha kukunja nguo. "Tutakwenda sote wawili," alisema. Bwana Umande aliguswa, akidhani ni mapenzi. Mapenzi yalikuwepo, lakini zaidi mama huyo alitaka kushuhudia kwa macho yake.

Wakaenda dukani kwa muuza mahema, mwanamke mnene asiye na haraka, aliyekaa juu ya rundo la maturubai akila karanga. Bwana Umande akavutiwa papo hapo na hema la nailoni la rangi ya chungwa, lenye madirisha ya mviringo. Lilikuwa jepesi, na bei yake ilimfanya atabasamu.

"Mtakaa muda gani?" muuzaji akauliza.

"Msimu mzima wa baridi."

"Na moto?"

"Tutaweka jiko humo ndani."

Muuzaji akalichukua lile hema mikononi mwake taratibu, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu. "Hili ni la kulala siku moja, mpige picha, mrudi kwenu. Cheche moja ikiruka, nailoni inayeyuka na kuwagandia mwilini. Na hata isipowaka, mvuke wa pumzi zenu utaganda juu, asubuhi mtaamka mmenyeshewa na hewa yenu wenyewe."

"Mkurugenzi amesema tunaweza kutumia jiko la mkaa, halina cheche," Bwana Umande akajitetea.

"Mkaa ndani ya hema lililofungwa?" Muuzaji akatafuna karanga. "Basi hema lolote litafaa. Hamtaamka kulilalamikia."

Karani wa mahakama, aliyezoea kusikiliza mashahidi, akamtambua shahidi wa kweli. Akauliza alichotaka kujua. Muuzaji akajibu bila kupamba: wanataka turubai zito la pamba, kwa sababu linapumua, wanataka jiko la kuni la bati lenye mlango na bomba la kutoa moshi nje, pale bomba linapopenya pawe na kola ya kitambaa kisichoshika moto, na juu na chini paachwe matundu ya hewa yasiyozibwa hata baridi ikiuma vipi.

Hema jipya la namna hiyo lilikuwepo, jeupe, limesimama kama bibi harusi. Bwana Umande akaiona bei, akarudi nyuma hatua.

"Hili la chungwa si lingetobolewa tu tundu la bomba?" akanong'ona.

"Rahisi huvunja upishi, baba," muuzaji akasema, kisha akashuka kwenye rundo lake. Akaburuta mzigo wa kijivu kutoka nyuma ya duka. Ni hema kuukuu la wapima ardhi. Lilinuka moshi na soksi za watu wasiojulikana, lina viraka kama ramani, lakini kola ya bomba ilikuwa nzima, mishono imekaza, na ndani mtu mrefu angeweza kusimama na kuvaa suruali bila kupigana nayo. Bei yake ilikuwa chini kuliko ya lile la nailoni.

"Mbona lina viraka vingi namna hii?" Bwana Umande alilalama. "Wasikilizaji watasema nini?"

Mkewe akamtazama. "Baba, wewe unatangaza redioni."

Wakalichukua.

Kule kilimani Bwana Umande alijikaza kisabuni. Hewani alisema ardhi imemkumbatia kama mama. Maneno hayo aliyasema amelala kifudifudi, mkewe akimsugua dawa ya mgongo. Alisema moshi wa kuni ni manukato ya mababu. Machozi yalikuwa yanamchuruzika, kwa kuwa alifungua mlango wa jiko kwa pupa huku bomba limezibwa. Simu za pongezi zikamiminika. Wasikilizaji wakaanza kuhama kurudi, na mkurugenzi akatuma salamu pamoja na bendera ya kituo.

Mkewe, kwa upande wake, alijifunza kupasua kuni nyembamba za kuwashia na kuanika zilizoloa nyuma ya jiko. Aliposikia mvua ikipiga turubai aligundua jambo ambalo hakulitarajia: hapakuwa na mtu aliyemwita. Kengele haikulia, televisheni haikupayuka, wala kiti cha mtu hakikuhamishwa. Asubuhi alishuka barabarani, akapanda basi kwenda mahakamani, na jioni akapanda kilima akikaza mwendo kama mtu anayewahi miadi.

Kisha Bwana Umande akakumbuka kwamba soksi zake nzito zimebaki nyumbani. Akaenda kuzichukua, akarudi kesho yake. Baadaye akakumbuka kofia. Kisha miwani. Alipokumbuka kijiko cha kuvalia viatu, mkewe akamwambia kwa upole, "Huna haja ya sababu, baba. Nenda kalale." Akaenda, na safari hiyo hakurudi.

Kipindi hakikukatika. Alitangazia chumbani kwa simu, kajifunika blanketi mbili, na kwenye simu ya pili aliweka sauti za ndege alizozipata mtandaoni. Ndege hao walilia vizuri kuliko wa kilimani, ambao hawakuwa na ratiba. Na kwa kuwa hakuwa na baridi tena, maneno yalimtoka matamu kuliko kawaida. Asubuhi moja, katikati ya maelezo ya jinsi umande unavyomlowesha nyayo, mlango ulifunguliwa. Shangazi akaingia na kikombe.

"Mwanangu," akasema kwa sauti yake ya kuitia kuku, "toa miguu kwenye blanketi unywe chai. Na hao ndege wa kwenye simu wazime kidogo, tangu juzi wananiumiza kichwa."

Mji mzima ulisikia.

Waliokuwa wameuza vitanda vyao kwa kuyaamini maneno yake ndio waliokasirika zaidi. Kundi lao likapanda kilimani kwenda kuona kama hata hema lipo. Walimkuta karani wa mahakama amevaa koti la mumewe, akikung'uta majivu.

"Mwenyewe yuko mjini," aliwaambia. "Karibuni ndani, lakini vueni viatu, na mtu asiguse bomba, lina moto."

Waliingia wakiwa na hasira, wakakuta joto. Wakamwuliza hema ni la aina gani, akawaambia. Wakamwuliza kama ni kweli ardhi inakumbatia, akasema hapana, ardhi ni ngumu na ina mawe, ndiyo maana yeye ameweka vitanda vya turubai. Kuni mbichi ni adhabu. Choo wakati wa mvua ni safari. Na mtu aliye na nyumba asiyoichoka abaki nyumbani kwake.

Mkurugenzi alikuwa amekuja nyuma yao, amekunja uso, tayari kufuta kila kitu. Alisimama mlangoni akisikiliza, na uso ukaanza kukunjuka wenyewe. Wiki iliyofuata mama huyo alipewa robo saa hewani. Alikubali kwa sharti moja, kwamba pasiwekwe ndege. Akazungumzia namna ya kubana mishono inayovuja, bila utenzi wowote, na wasikilizaji wa vichekesho wakarudi, wengine wakidhani hicho ndicho kichekesho chenyewe.

Bwana Umande hakufukuzwa. Sauti kama ile haitupwi. Mkurugenzi alimpatia kipindi kipya kilichodhaminiwa na muuza magodoro, kikiitwa Raha ya Nyumbani, na humo alilia kwa uchungu juu ya watu wanaolala chini kama wanyama huku Mungu amewapa sponji. Wale wale waliouza vitanda wakanunua vipya. Alikiendesha kwa moyo wote, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake alikuwa akisema kweli, ingawa hakuna aliyetambua tofauti, yeye mwenyewe akiwemo.

Baridi ilipokwisha alipanda kilimani siku ya mapumziko, amebeba mzigo wa kuni kavu alizozinunua. Alivua viatu bila kuambiwa. Mkewe akamsogezea kigoda karibu na jiko, akamimina chai.

"Utarudi lini, mama?" akauliza baada ya kunywa kidogo.

"Nyumbani kuna nini?"

Akafikiri. "Wanagombania chumba chetu," akakiri.

"Waache wagombanie. Mimi huku nimeshapata kikubwa."

Alitaka kusema neno la kusifu ukubwa wa anga, akajizuia. Alinyoosha miguu kuelekea kwenye jiko, na kabla chai haijapoa alikuwa amesinzia akiwa ameketi, kidevu kifuani. Mkewe akamtoa kikombe mkononi, akaongeza kuni moja, akarudi kushona kiraka cha hema.