Zamu za Kumlinda Kipyegon

Wiki ya tatu ilipoanza, Chepkurui alikuwa amechoka kuwapikia walinzi chai. Kupika hakukuwa kazi. Mtu wa huku Kiptere atashindwaje na chai? Kilichomchosha ni kuwatazama wakinywa. Wanaume wawili kwenye benchi mbele ya mlango wa ndugu yake, asubuhi wawili, mchana wawili wengine, kila mmoja akipuliza kikombe chake kana kwamba amekuja kuposa.

Mlangoni palikuwa pamebandikwa karatasi iliyochanwa kwenye daftari la shule. Ilikuwa na majina na saa, kwa mwandiko wa Isaiah, mzee wa kanisa. Juu kabisa aliandika ZAMU, akapiga mistari miwili chini yake.

Aliyekuwa akilindwa ni Kipyegon, kitinda mimba wa mama yao, mwanamume wa miaka thelathini na minane. Asubuhi moja ya Juni, mwaka wa tisini na sita, alijaribu kujiua katika banda la ng'ombe. Onyancha, Mkisii aliyekodi shamba la jirani, alikuwa amekuja kuomba maziwa. Alimkumbatia kwa nguvu, akamwangusha chini, akamlalia huku akiita, mpaka Chepkurui akafika mbio na unga mikononi.

Kesho yake ua ulijaa watu. Wengi namna ile Chepkurui hakuwa amewaona tangu matanga ya baba yao.

Asistanti chifu ndiye aliyeanza. "Sheria ya Kenya hairuhusu mtu kujiua," alisema. "Akirudia, nitampeleka kotini Kericho mimi mwenyewe." Mtu amechoka na maisha, nawe unamtisha kwa jela. Chepkurui alitafuta akili ya neno hilo hakuiona.

Isaiah akasema ni shetani, na kwamba askofu anakuja kuzuru mwezi wa nane, haifai akute kanisa limetiwa doa. Kisha akainuka Kipngetich, binamu yao. Huyu angalau hakuzunguka. Mtu akifa kifo hicho, alisema, boma lote lina uchafu. Itabidi banda libomolewe na wazee waitwe walitakase. Na yeye ana msichana ambaye koito yake, karamu ya uchumba, ni Desemba. Nani ataleta wazee wake katika ukoo wa namna hiyo?

Wakakubaliana alindwe. Kipyegon alikuwa ameketi pale pale kwenye kigoda. Walimpita kwa maneno kama maji yanavyopita jiwe. Hakuna aliyemuuliza kitu.

Walichukua panga lake na kamba zote, na dawa ya kunyunyizia ng'ombe ikafungiwa kwa Chepkurui. Hilo lilikuwa jambo la akili, na ufunguo aliuvaa shingoni mpaka leo. Lakini waliongeza jingine: asiingie katika shamba la chai. Michai hufika mtu kifuani. Ukichutama huonekani, nao walitaka kumwona bila kuinuka kwenye benchi. Basi Kipyegon, ambaye tangu utotoni mikono yake ilikuwa ikichuma kabla jua halijakausha umande, akawa anakaa kitini akitazama ukuta. Nje chai yake ikarefuka, wiki ya kwanza, ya pili, mpaka majani yakawa magumu kama ngozi. Hakuna mlinzi hata mmoja aliyetia kapu mgongoni akamchumia. Hilo halikuandikwa kwenye karatasi.

Chepkurui hakuwa msahaulifu. Alijua walioketi kwenye benchi ile ni nani.

Mwaka wa tisini na mbili, vita vya makabila kufukuzana vilipowaka, Kipyegon alikuwa na mke, Priscillah, binti wa Kikuyu aliyezaliwa Londiani, mwenye hoteli ndogo sokoni. Walikuwa na watoto wawili, Ryan na Lynn. Watu walikula mandazi yake miaka saba wakimwita shemeji. Halafu jioni moja wakaja kumwambia aende kwao. Mbele alikuwa Kipngetich. Isaiah alikuwa nyuma kidogo na Biblia kwapani, akisema watu waondoke kwa amani, kana kwamba kufukuzwa kuna amani yake. Hoteli ilichomwa kabla ya giza. Asistanti chifu aliandika kwamba jiko lililipuka. Priscillah na watoto walifika Nakuru, na tangu hapo hakuandika hata barua.

Hao ndio waliokuwa sasa wakimzuia mumewe asife. Kwa zamu.

Alhamisi hiyo, mchana, Chepkurui alikuwa akisuuza vikombe nyuma ya nyumba. Kwenye benchi walikuwa Isaiah na Kipngetich, nao hawakushusha sauti.

"Boiyot," Kipngetich alimwambia Isaiah, kwa heshima ya mzee, "mimi matako yamekuwa mbao. Tutalinda huyu mpaka lini?"

"Jumapili ndiyo mwisho. Atasimama mbele ya kanisa, akiri, aombewe. Jioni wazee wambariki. Baada ya hapo ni yeye na Mungu wake."

"Na akirudia Jumatatu?"

"Si sisi tena. Mikono yetu itakuwa safi."

"Basi mwambieni kama ni lazima, ashuke mtoni Sondu huko. Si hapa kwetu." Kipngetich akacheka kidogo. "Ama angoje koito ipite. Sijamnyima."

"Wewe nawe," Isaiah alisema, akicheka pia. "Leta sukari."

Chepkurui aliweka vikombe chini kimoja kimoja. Alijiona amekuwa mzee. Hasira hakuikosa, ila hata hasira inataka nguvu za kuibeba. Jambo moja alilielewa: siku tatu zimebaki, kisha watu hawa watakunja karatasi yao, na ndugu yake ataachwa na lile lile lililompeleka bandani, ambalo yeye dada mtu hajawahi kumuuliza. Hakuuliza kwa sababu alikuwa na hofu ya jibu.

Aliingia ndani bila kubisha, akafunga mlango, akaketi mbele yake.

"Kipyegon. Bado unataka kufa?"

Kipyegon aligeuza macho kutoka ukutani. Alionekana kama mtu aliyeitwa jina lake baada ya muda mrefu.

"Asubuhi," alisema. "Kila asubuhi. Ikifika saa nne inapungua. Mchana nachoka tu." Akangoja. "Wewe ndiye wa kwanza kuuliza."

"Najua."

"Wamebakisha siku ngapi? Isaiah amekuwa mpole sana. Mtu anakuwa mpole hivyo akiona safari imefika mwisho."

"Jumapili."

Alitikisa kichwa, kama mtu aliyesomewa bei ya kitu asichonunua.

"Ile jioni," Kipyegon akasema, "unajua nilikuwa wapi? Watu hudhani nilikuwa shambani. Nilikuwa pamoja nao. Kipngetich aliniambia nisimame upande wao, la sivyo shamba la baba sitaliona tena. Nikasimama. Nimeshika tochi. Priscillah alinitazama na hiyo tochi, akashika watoto akaondoka. Siku ile nilimmulikia njia ya kwenda. Hiyo ndiyo kazi niliyofanya."

Chepkurui alitazama mikono yake mwenyewe. Sasa ilikaa bure, hapakuwa na vikombe vya kusuuza.

"Priscillah alipotoka pale alikuja kwangu," alisema. "Alibisha. Nilikuwa ndani. Sikufungua."

Nje walinzi walikuwa wakibishana kuhusu ng'ombe wa mtu. Kipyegon alirudisha macho ukutani, hata Chepkurui akawaza kwamba amemuua kwa mdomo wake, kwamba kosa lake limetimia mara ya pili.

"Kwa nini unataka niishi?" ndugu yake akauliza. "Usiniambie mambo ya Mungu. Sababu yako."

Chepkurui aliinua macho kutoka mikononi.

"Ukifa nitabaki mimi na hao. Mimi peke yangu ndiye nitakayekuwa nakumbuka ilivyokuwa. Sitaweza, ndugu yangu. Hiyo ndiyo yangu. Si nzuri kushinda zao."

"Angalau ni yako," Kipyegon alisema.

Ijumaa kulipopambazuka Chepkurui alikuja na makapu mawili. Kwenye benchi walikuwa Kipngetich na kijana wa kwaya aliyesinzia.

"Mnaenda wapi?" Kipngetich aliuliza. "Ilikatazwa huyu kuingia kwa chai."

"Anaenda kuchuma. Mimi nitakuwa mstari mmoja naye. Onyancha atakuwa mstari wa pili. Kesho hivyo hivyo, Jumapili hivyo hivyo. Jumatatu pia, ninyi mtakapokuwa mmenawa mikono."

"Nani amekuambia habari ya Jumatatu?"

"Wewe. Jana. Na Isaiah akakuomba sukari."

Kipngetich alisimama. "Isaiah atakasirika. Asistanti pia."

"Waite. Waje wote hapa uani, na mimi nitasema nani alitangulia kwenda kwa Priscillah na nani alibeba petroli. Nitaita na wazee wa koito yako wasikilize. Unafikiri nilisahau kwa sababu nawapikia?"

Binamu yake aliutazama ule ua, akaketi. Baadaye alimwambia kijana wa kwaya kwamba wanawake wakifiwa na mume, kama Chepkurui, huharibika kichwa. Lakini aliyasema polepole, na hakumfuata mtu.

Chai ilikuwa imeharibika kweli. Ilibidi wayavunje yale matawi marefu na kuyatupa chini, kwanza walisawazishe shamba, ndipo wapate majani mawili na chipukizi hapa na pale. Karani wa kituo cha kuuzia angeimwaga nusu. Umande uliwalowesha hadi kiunoni. Onyancha, mstari wa pili, alikuwa akiimba kwa Kikisii, vibaya, na Kipyegon akamwambia ng'ombe watakauka maziwa.

"Yakauke," Onyancha alisema. "Mimi nakunywa chai ya rangi."

Mikono ya Kipyegon ilianza pole, halafu ikakumbuka. Chepkurui alimtazama kwa jicho la pembeni. Uso wake ulikuwa umekunjamana kama wa mtu anayebeba gunia mlimani. Ilikuwa bado ile saa yake mbaya, na hakujifanya haiko.

"Alisema nini?" akauliza bila kuinua macho. "Pale mlangoni kwako."

Chepkurui alisimama. Miaka minne alikuwa ameyafunika maneno yale. "Aliita jina langu. Mara tatu."

"Halafu?"

"Halafu akasema Lynn hana viatu."

Kipyegon alivunja shina gumu, akalitupa chini. Akavunja jingine. Machozi yalimtoka, na hakuyapangusa kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi.

"Kuna mengine?"

"Yapo."

"Leo hayo yametosha," alisema, akasogea kwenye mche wa pili. "Kesho utaniambia yanayofuata."

Chepkurui aliiogopa hiyo kesho. Akavuta mkanda wa kapu ukae vizuri begani, akasogea sambamba naye.