Bangili Mbili Mkono wa Kulia

Mwalimu Gumede alimkata mwanangu bangili kwa mkasi wa karatasi, mbele ya darasa zima.

Si bangili ya dukani. Ni isiphandla, ngozi ya mbuzi aliyechinjwa kumtambulisha mtoto kwa wazee waliotangulia. Hapa Umlazi hata mlevi anajua haikatwi. Huvaliwa mpaka ioze na kudondoka yenyewe. Mkono wa kulia ni wa upande wa baba, wa kushoto ni wa upande wa mama. Nobantu wangu, mwenye miaka saba, alirudi shule baada ya likizo akiwa na mbili, zote mkono wa kulia.

Ndiyo, mbili. Naishi na wanaume wawili, Bhekisisa na Mthokozisi, nyumba moja, mwaka wa tisa sasa, na wenyewe wanapatana kuliko ndugu wengi ninaowajua. Nani kati yao alimzaa Nobantu hatujui, na hatujapeleka damu ya mtu maabara. Bhekisisa humsuka nywele. Mthokozisi humfundisha hesabu na kumkimbiza zahanati pumu ikimbana. Kwa kina Bhekisisa mbuzi alichinjwa bila maneno mengi. Mama yake Mthokozisi ndiye aliyekataa miaka sita. "Simchinjii mtoto wa nusu," alikuwa akisema. Likizo hii akakubali, akamvalisha mtoto kwa mikono yake mwenyewe, akalia. Bangili hiyo ndiyo Gumede aliyoikata.

Niliingia ofisini kwa mwalimu mkuu, Mkhwanazi, bado nina aproni ya kazini.

"MaNgcobo, keti kwanza," akasema, akinitaja kwa ukoo wa baba yangu kama vile nimefuata heshima.

"Sikai. Nani kampa ruhusa huyu?"

Gumede alikuwa amesimama dirishani. "Watoto walikuwa wanamcheka, dada. Nikamwuliza mwenyewe baba yake wa kweli ni yupi, nijue ya kukata. Mtoto ana baba mmoja."

"Ulimwambia mtoto wa miaka saba achague baba?"

"Hakujibu. Basi nikakata ya juu."

Ya juu! Kama mtu anayepunguza kucha.

Nikamgeukia Mkhwanazi. "Mwalimu mkuu, wewe una wake wangapi?"

"Hilo ni jambo la mila, MaNgcobo."

"Wawili. Siku ya zawadi wanakaa mstari wa mbele na kofia zao, na watoto wako wanawaita wote mama. Nani aliwahi kuwakata kitu?"

Akakohoa. "Tusifike huko. Mimi nakusaidia. Mkipata nyingine badala ya iliyokatwa, mvalishe mkono wa kushoto. Watu watadhani ni ya kwenu kina Ngcobo, na maneno yataisha."

Kwa hiyo dawa ni Mthokozisi ageuzwe mjomba. Mtu aliyekesha na mtoto yule hospitalini siku nne! Niliwaambia malalamiko yangu yatafika wilayani kabla ya wiki kwisha, nikaubamiza mlango, na sijutii.

Kesho yake mama yake Mthokozisi alikuja na kipande kingine cha ngozi ileile, aliyokuwa ameianika nyuma ya nyumba yake. Nilidhani atanisimanga. Alisonya tu, akaketi.

"Lete mkono, mjukuu wangu."

Nobantu akanyoosha wa kushoto.

Mthokozisi aliangalia ukuta, na mimi nilitamani Gumede awepo pale amwone.

"Nani kakufundisha huo?" bibi akauliza.

"Mwalimu. Amesema nikivaa huu hawatanicheka."

"Mwambie mwalimu wako mwanangu si mjomba wa mtu humu ndani. Lete wa kulia."

Akamfunga wa kulia, juu ya ile ya kina Bhekisisa, akakaza fundo kwa meno.

Jumatatu jua lilikuwa linachoma tangu asubuhi, lakini Nobantu alitaka sweta. Mthokozisi akampeleka, mimi nikifuata nyuma. Pale getini alichuchumaa, akamkunjia mkono wa sweta mara mbili mpaka bangili zote mbili zikaonekana, akambusu kwenye paji la uso. Mwanangu akamwambia, "Kwaheri, baba," kwa sauti ndogo. Akavuka geti, akatembea hatua chache, kisha akaushusha mkono wa sweta.